Ukiona Vyaelea: Mashirika ya Haki za LGBT na Maji Yanayoyabeba

Ndugu mwenyekiti, wanaharakati wenzangu, na wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, shikamooni. Nashukuru kwa nafasi mliyonipa.

Kuna swali ambalo nimelisikia katika vikao vingi, na kila mara huulizwa kwa uchungu. Kijana anasimama, anasema: "Wenzetu kule wanaandamana na bendera, ofisi yao ina kibao mlangoni, wanaingia bungeni. Sisi mwaka wa kumi sasa jina letu bado linasema ni kikundi cha afya. Tunaogopa nini?" Ukumbi unanyamaza. Wale wakubwa, waliokianzisha kikundi kwa fedha za mifukoni mwao, wanainamisha vichwa kama watu waliokutwa na kosa.

Leo nimekuja kuwatetea hao walioinamisha vichwa, na nitawatetea kwa ushahidi.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Tumezoea kuitumia methali hii kusifu jasho la fundi. Lakini fundi wa vyombo, kabla hajashika shoka, hujiuliza chombo kitapita maji gani. Ngalawa hufungwa mbao za pembeni kwa sababu ni nyembamba na itakutana na mawimbi. Mtumbwi wa mtoni hauna mbao hizo, wala fundi wake haoni haya. Nami nikisoma historia ya mashirika yanayotetea haki za mashoga, wanawake wanaopenda wanawake, watu wanaopenda jinsia zote mbili na watu waliobadili jinsia, yaani LGBT, naona jambo hilohilo. Sheria ya mahali, polisi wake, namna yake ya kupiga kura, fedha zinazopatikana pale, hata maneno yaliyomo katika lugha yake, yote yamo ndani ya umbo la shirika. Ukilitoa shirika kwenye mazingira yake ukalilinganisha na jingine, unalinganisha nusu ya kitu.

Nianze na nchi moja, ili asitokee mtu wa kuniambia kwamba tofauti ninazozieleza ni za utamaduni tu. Tuchukue Marekani ya miaka ya 1950 na 1960. Nchi moja, katiba moja. Tuitembelee miji yake minne.

Mjini Los Angeles, mwaka 1950, Harry Hay na wenzake wachache walianzisha chama cha mashoga kilichoitwa Mattachine Society. Hay alikuwa amekulia kisiasa ndani ya Chama cha Kikomunisti, na wakati huo serikali ilikuwa ikiwawinda wakomunisti na mashoga kwa pumzi moja. Basi akaunda chama kwa namna aliyoijua: vikundi vidogo vya siri, mwanachama wa kikundi hiki asimjue wa kikundi kile, ili polisi wakimkamata mmoja asiwe na majina ya kutaja. Hata jina lao lilitokana na wacheza ngoma wa kale wa Ulaya waliovaa vinyago. Ilipofika 1953, wanachama wapya waliogopa kwamba historia ya kikomunisti ya waasisi ingewaponza wote, wakawaondoa, na chama kikawa cha wazi zaidi lakini chenye sauti ya chini. Yaani hofu ileile ya nje iliyokiunda chama ndiyo iliyokigeuza.

Sasa twende Washington. Mji ule mwajiri wake mkubwa ni serikali. Mwaka 1953 Rais Eisenhower alitoa amri namba 10450, na chini yake mtumishi wa serikali aliweza kufukuzwa kazi kwa sababu ya kuwa mpenzi wa jinsia moja. Frank Kameny, mtaalamu wa elimu ya nyota aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya ramani ya jeshi, alifukuzwa mwaka 1957. Alipigania haki yake hadi Mahakama ya Juu, ambayo ilikataa hata kuisikiliza kesi. Mwaka 1961 akaanzisha Mattachine Society ya Washington. Na chama kile kilidai nini? Ajira. Tarehe 17 Aprili 1965 watu kumi walisimama mbele ya Ikulu na mabango, wanaume wamevaa suti na tai, wanawake wamevaa magauni. Kameny aliwasimamia sana kuhusu mavazi. Wapo wanaomlaumu leo kwamba alitaka kuwapendeza wakubwa. Mimi naona mtu aliyeujua mji wake: ukidai kazi ya ofisini, nenda umevaa kama mtu anayeweza kuajiriwa kesho asubuhi.

San Francisco mambo yalikwenda njia nyingine kabisa, na sababu yake ni leseni ya pombe. Mwaka 1951 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba baa haiwezi kunyang'anywa leseni kwa sababu tu wateja wake ni mashoga. Uamuzi haukumaliza misako ya polisi, lakini uliwapa wenye baa pa kusimama. Mwaka 1962 wakaungana katika chama kilichoitwa Tavern Guild, wakachangishana fedha za wanasheria na kuwawekea dhamana waliokamatwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo José Sarria, mwimbaji wa baa ya Black Cat, aligombea udiwani akiwa wazi kabisa kuhusu nafsi yake. Alishindwa, lakini alipata kura zaidi ya 5,000, na kila mwanasiasa wa mji ule akajua kuanzia siku hiyo kwamba kuna kura za kuhesabiwa. Wanawake nao walikuwa na Daughters of Bilitis, kilichoanzishwa mwaka 1955 na Del Martin, Phyllis Lyon na wenzao, nacho kilizaliwa kwa sababu wanawake hawa walitaka mahali pa kukutana na kucheza muziki bila hofu ya msako wa baa. Na mwaka 1964 wachungaji wa mji ule wakaunda baraza la pamoja na mashoga. Baraza likaandaa dansi ya mwaka mpya, polisi wakasimama mlangoni tarehe 1 Januari 1965 wakiwapiga picha wageni mmoja mmoja, na kesho yake wachungaji wakaita waandishi wa habari kulaani. Polisi wamezoea kumdharau shoga. Mchungaji aliyekasirika ni jambo jingine.

New York hawakuwa na uamuzi kama ule wa California. Mamlaka ya leseni za pombe iliweza kuifungia baa kwa kisingizio kwamba ni mahali pasipo na adabu, kwa hiyo baa nyingi za mashoga ziliangukia mikononi mwa mafia, waliouza pombe iliyochakachuliwa na kuwapa polisi rushwa. Hapakuwa na chama cha wenye baa cha kuwatetea wateja, kwa sababu wenye baa wenyewe walikuwa sehemu ya unyonyaji. Msako wa alfajiri ya tarehe 28 Juni 1969 katika baa ya Stonewall Inn uliwakuta watu wasio na mtetezi yeyote kati yao na rungu la polisi, ghadhabu ikalipuka. Mashirika yaliyozaliwa baada ya siku zile yalikuwa ya barabarani, yenye kelele, na mwaka uliofuata yakaandamana. Maandamano yale ndiyo baba wa maandamano yote ambayo kijana wangu wa swali la kwanza anayaona kwenye simu yake.

Nimekaa hapa muda mrefu kwa makusudi. Katika miji hii minne, nani alikuwa shujaa na nani alikuwa mwoga? Nimejaribu kuwapanga kwa daraja, nimeshindwa. Kila mmoja alitengeneza kilichoweza kuelea pale alipokuwa.

Na mazingira yakibadilika, hata kwa jambo dogo la kiutaratibu, shirika nalo hubadilika. Harvey Milk, shoga aliyejitangaza waziwazi, aligombea udiwani wa San Francisco mwaka 1973 akashindwa, akagombea tena 1975 akashindwa. Wakati huo madiwani walichaguliwa na mji mzima. Mwaka 1976 wapiga kura waliamua kwamba kila kata ichague diwani wake, na mwaka 1977 Milk akashinda katika kata iliyokuwa na mtaa wa Castro, mahali ambapo maelfu ya mashoga walikuwa wamehamia. Simwondolei Milk kipaji chake hata chembe. Lakini kilichobadilika zaidi kati ya kushindwa na kushinda kilikuwa ramani. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1978, California ilipiga kura juu ya pendekezo la kuwafukuza walimu mashoga shuleni. Kwa kuwa sheria ya jimbo iliruhusu jambo kama hilo lipelekwe kwa wananchi wote, wanaharakati walilazimika kwenda kwa wananchi wote: mlango kwa mlango, kijana kumwambia mama jirani yeye ni nani. Pendekezo lilishindwa. Wiki tatu baadaye, tarehe 27 Novemba, Milk aliuawa. Ustadi ule wa kubisha hodi ulibaki katika harakati za Marekani, na uliletwa na mpinzani. Maadui nao ni sehemu ya mazingira. Huwa tunasahau kuwahesabu.

Tuje kwenye jambo ambalo wengi wenu mnalijua kwa mwili: usajili.

Jina ni mlango wa kwanza. Mwaka 1946, mjini Amsterdam, watu waliotoka kwenye vita na uvamizi wa Wanazi walianzisha chama wakakiita Klabu ya Shakespeare. Miaka mitatu baadaye kikawa Kituo cha Utamaduni na Burudani, na herufi za jina hilo, COC, ndizo kinazotumia hadi leo. Hutaona neno lolote la mapenzi ndani yake. Chama hicho, ambacho leo watu hukitaja kama mfano wa nchi iliyo huru, kilipata hadhi kamili ya kisheria mwaka 1973 tu. Nchini Argentina, Comunidad Homosexual Argentina, yaani Jumuiya ya Mashoga ya Argentina, ilianzishwa 1984 mara tu baada ya utawala wa kijeshi, ikakataa kujificha nyuma ya jina jingine, na ikakataliwa usajili hadi Mahakama ya Juu mwaka 1991. Kibali kilikuja 1992. Nchini Msumbiji, shirika la haki za LGBT liitwalo Lambda liliomba usajili mwaka 2008. Mwaka 2015 kanuni mpya ya adhabu ilianza kutumika na kile kipengele cha zamani cha Wareno kilichotumika dhidi ya mashoga kikaondoka. Mwaka 2017 Baraza la Katiba likasema kipengele cha maadili katika sheria ya vyama kinakiuka katiba. Usajili wenyewe uliendelea kukwama mezani. Lambda ikajifunza kufanya kazi kubwa ya afya na elimu ikiwa haina karatasi, kwa sababu pale hakuna aliyekataa waziwazi. Walikuwa hawajibu tu. Kukataliwa kunakupa pa kukatia rufaa. Kunyamaziwa hakukupi kitu, na kunahitaji shirika lenye subira ya aina nyingine.

Kenya ilikuwa na kitu ambacho Msumbiji haikuwa nacho kwa namna ileile: katiba ya 2010, yenye ibara ya 36 inayompa kila mtu uhuru wa kujumuika, na mahakama zilizozoea kuombwa kuitafsiri. Wakili Eric Gitari alipokataliwa kusajili shirika kwa jina lenye maneno ya mashoga na wasagaji, alikwenda mahakamani. Akashinda Mahakama Kuu mwaka 2015, akashinda Mahakama ya Rufani mwaka 2019, na Februari 2023 Mahakama ya Juu ikamkubalia kwa majaji watatu dhidi ya wawili. Si ajabu basi kwamba lile shirika lenyewe ni la wanasheria, la kutoa msaada wa kisheria. Na tazameni utata wake: mwaka huohuo wa 2019, Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu 162 na 165 vya kanuni ya adhabu. Una haki ya kukutana, na bado mapenzi yako ni kosa la jinai. Shirika linaloishi kati ya sentensi hizo mbili haliwezi kufanana na lile la Amsterdam, na lisilazimishwe kufanana nalo.

Nisimame kidogo kwenye lugha, kwa sababu ni yetu. Neno "shoga" mabibi zetu walilitumia, na wengi bado wanalitumia, kwa maana ya rafiki wa kike wa mwanamke. Shoga yangu, njoo tunywe chai. Neno tamu. Likageuzwa tusi kwa wanaume, na sasa wapo wanaolirudisha kwa heshima. "Msagaji" halijapata bahati hiyo. Ndiyo maana katika ripoti na barua za Kiswahili utakuta "makundi maalumu", neno la wizara za afya, lisilomwambia mtu yeyote chochote. Nimewahi kulichukia neno hilo. Kisha nikaelewa kwamba ndilo lililoruhusu barua ipokelewe, mhudumu alipwe na mgonjwa atibiwe. Ninachotaka tukumbuke ni kwamba shirika linalojiita kwa neno la wizara hatimaye huanza kufanya kazi kama wizara, likiwaona watu wake kama takwimu za robo mwaka. Neno tuliloliazima kwa usalama tulitumie kwenye barua, lakini tukikaa wenyewe tuitane kwa majina yetu.

Hilo linanipeleka kwenye fedha, na hapa ndipo moyo wangu unapouma.

Kwa sehemu kubwa ya dunia, fedha za kwanza za maana kufika kwenye mashirika haya zilikuwa za UKIMWI. Nchini India, Humsafar Trust ya Mumbai na Naz Foundation ya Delhi zote zilianza 1994, na kazi ya VVU ndiyo iliyowafungulia mlango. Naz ilipokwenda mahakamani mwaka 2001 kupinga kifungu 377, kilichotumika kuharamisha mapenzi ya jinsia moja, hoja yake ya msingi ilikuwa ya kiafya: sheria hii inawatisha wagonjwa, inatuzuia kufanya kazi. Ilishinda Delhi 2009, ikashindwa Mahakama ya Juu 2013. Ushindi wa tarehe 6 Septemba 2018 ulikuja na walalamikaji wa namna nyingine, watu waliosimama kwa majina yao, mcheza ngoma, mwandishi, mpishi, wakisema sheria hii inaingia katika maisha yangu. Kati ya 2001 na 2018 mazingira yalibadilika, watu wakajitokeza, na kesi ikavaa sura ya watu badala ya sura ya kliniki. Kesi ya kwanza isingekuwepo, ya pili isingepata pa kukanyaga.

Lakini fedha za afya zina macho yanayoona baadhi ya watu tu. Zinahesabu kondomu, vilainishi, vipimo. Zinamwona mwanamume anayelala na wanaume. Mwanamke anayempenda mwanamke, anayelazimishwa kuolewa, anayebakwa "arekebishwe", hayumo kwenye fomu. Kwa hiyo katika nchi baada ya nchi mashirika yamekuwa na waelimishaji rika wa kiume kumi na dada mmoja anayejitolea. Halafu tunashangaa kwa nini wanawake wameondoka wakaanzisha vyao. Watu waliobadili jinsia nao walisongwa muda mrefu ndani ya safu moja ya fomu na wanaume mashoga, kana kwamba mahitaji yao ni hayohayo. Hatukuwabagua kwa katiba zetu. Tuliwabagua kwa bajeti, na naomba tuliseme hivyo bila kuzunguka.

Tena fedha hizo zina upande mwingine wa hatari. Februari 2017 serikali ya Tanzania ilisimamisha vituo 40 vilivyokuwa vikitoa huduma za UKIMWI kwa makundi maalumu. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ndani ya siku chache kliniki katika nchi nyingi zikafunga milango. Mara ya kwanza mlango ulifungwa kutoka ndani ya nchi, mara ya pili kutoka ng'ambo. Mashirika yaliyokuwa na mguu mmoja tu yalianguka.

Singapore inatuonyesha njia nyingine, na mimi huipenda habari hii. Kikundi cha People Like Us kilikataliwa usajili 1997, kikakataliwa tena 2004. Maandamano yanahitaji kibali cha polisi, na kibali hakipatikani. Lakini kuna bustani moja, Hong Lim, ambako raia anaweza kukusanyika bila kibali hicho. Mwaka 2009 watu kama 2,500 walikwenda pale wamevaa waridi, wakasimama pamoja wakatengeneza doa kubwa la rangi hiyo, wakapigwa picha kutoka juu. Hawakutembea hata hatua moja barabarani. Wakaliita Pink Dot, likawa la kila mwaka na la familia nzima, bibi na wajukuu. Serikali ilipozuia kampuni za kigeni kulifadhili mwaka 2017, wafanyabiashara wa nyumbani zaidi ya mia moja wakachanga. Kipengele cha sheria kilichokuwa kikiwatia hofu, 377A, kilifutwa mwaka 2022. Sisemi doa la waridi ndilo lililokifuta. Nasema kwamba mtu aliyeleta mfano wa maandamano ya New York pale Singapore angekamatwa siku ya kwanza, na waliosoma bustani yao vizuri walikuwa bado wamesimama miaka kumi na tatu baadaye.

Afrika Kusini inanifundisha jambo gumu zaidi. Mwaka 1982 kilianzishwa chama cha mashoga kilichoitwa GASA, wanachama wake wengi wakiwa weupe, na kikasema hakijihusishi na siasa. Katika nchi ya ubaguzi wa rangi, kusema hujihusishi na siasa ni siasa. Simon Nkoli, kijana mweusi aliyekuwa mwanachama wao, alikamatwa 1984 akashtakiwa kwa uhaini katika kesi ya Delmas pamoja na viongozi wa harakati za ukombozi. Chama chake hakikumtetea. Waliokuja kumwelewa, polepole na kwa mabishano makali gerezani, ni wapigania uhuru waliofungwa naye. Baada ya kutoka gerezani, mwaka 1988 akasaidia kuanzisha GLOW, chama cha mashoga na wasagaji, na tarehe 13 Oktoba 1990 wakaandamana Johannesburg, akisema waziwazi kwamba kwake weusi wake na ushoga wake ni pambano moja. Katiba ya 1996 ilitaja mwelekeo wa kimapenzi miongoni mwa mambo ambayo mtu hawezi kubaguliwa kwayo, kwa sababu watu kama Nkoli walikuwa ndani ya chumba cha ukombozi wakati misingi ikiwekwa. GASA ililingana na mazingira yake pia. Ililingana na mazingira ya vitongoji vya weupe.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Kusema mazingira yanaunda shirika si kusema kila umbo ni sahihi. Fundi anayaangalia maji, lakini ni yeye anayeamua nani atapanda. Na hata baada ya katiba ile nzuri, wanawake weusi wa vitongoji vya Johannesburg waliendelea kubakwa na kuuawa, wakalazimika mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuunda jukwaa lao la kujilinda na kudai uchunguzi wa polisi. Katiba moja, mitaa miwili, mashirika mawili yasiyofanana.

Niseme pia kuhusu kuvunjwa, maana wapo humu waliovunjiwa. Berlin mwaka 1897, daktari Magnus Hirschfeld alianzisha kamati ya kisayansi ya kupinga kifungu 175, kilichoharamisha mapenzi ya wanaume kwa wanaume. Ujerumani ya wakati ule iliheshimu maprofesa, naye akaunda chama cha maprofesa: utafiti, majarida, ombi kwa bunge lililosainiwa na watu wakubwa, Albert Einstein mmojawapo. Mwaka 1919 akafungua taasisi yenye maktaba na zahanati. Mei 1933 Wanazi waliivamia, wakazibeba karatasi, wakazichoma hadharani. Kilichoifanya taasisi iheshimike, jengo na kumbukumbu zake, ndicho kilichoweza kuchomwa. Uganda, SMUG, shirika la haki za LGBT lililoanza 2004, liliomba kusajili jina 2012 likanyimwa, likaamriwa kuacha kazi Agosti 2022, na mwaka uliofuata ikaja sheria yenye adhabu ya kifo ndani yake. Urusi ilianza na sheria ya propaganda 2013, ikafika Novemba 2023 Mahakama ya Juu ikiita harakati nzima ya LGBT msimamo mkali. Katika maji kama hayo shirika linaweza kuwa simu mbili na nyumba ya kumficha mtu. Halina tovuti, halina ripoti ya mwaka. Naomba asitokee mtu wa kuliita shirika hilo changa.

Kwa wafadhili mliopo, nina maombi. Msituletee mpango mkakati ulioandikwa kwa ajili ya mji mwingine mkatuomba tubadilishe jina la nchi. Msilipe maandamano mahali ambapo watu wanaomba kodi ya nyumba. Mkiona kikundi kimebadilisha jina mara tatu, ulizeni kwanza ni ofisi gani ilikikataa. Na mtoe fedha zisizo na safu ya kondomu, ili dada zetu nao waonekane.

Kwa yule kijana wa swali la kwanza, nina habari ya Botswana. LEGABIBO, shirika la haki za LGBT, ilianza 1998 haina nyumba yake. Ilipewa kona chini ya Ditshwanelo, kituo cha haki za binadamu, baadaye ikahifadhiwa na mtandao wa sheria na UKIMWI uitwao BONELA. Miaka mingi ilikuwa mpangaji. Mwaka 2012 ilipeleka maombi ya usajili, ikakataliwa. Ikashtaki, ikashinda Novemba 2014, serikali ikakata rufaa, ikashinda tena Machi 2016, na cheti kikatoka. Kijana angeuliza: miaka kumi na minane kwa kipande cha karatasi? Lakini mwananchi mmoja alipopinga mahakamani sheria iliyoufanya upenzi wake kuwa jinai, LEGABIBO iliweza kuingia kama rafiki wa mahakama kwa jina lake yenyewe, ikaleta ushahidi ambao mtu mmoja asingeweza kuubeba. Tarehe 11 Juni 2019 sheria ikaanguka. Serikali ikakata rufaa tena, na tarehe 29 Novemba 2021 majaji wa rufaa wakaikataa. Wale waliokaa miaka yote ile kwenye kona ya ofisi ya watu wengine, wakiandika barua kwa jina la watu wengine, baadhi yao walikuwa wamekaa ndani ya mahakama siku hiyo.

Asanteni sana.